Mzigo wa Tipito

Gari la magereza lilikuwa limeshatoka getini. Inspekta Odoi aliingia kituo cha polisi cha Tororo kwa miguu, vumbi la Nagongera, alikokwenda kwa kesi ya ng'ombe, likiwa bado kwenye viatu vyake, akaliona gari likishika barabara ya Mbale. Nyuma, vidole vimeng'ang'ania wavu, alikuwa Oboth, dereva wa Kampuni ya Mwamba.

"Afande Odoi!" Oboth alipaza sauti. "Uliza yule mama ya kisimani! Alicheka! Mtu nacheka namna gani jina ya mtu hajui?"

Dereva akabadilisha gia, gari likanguruma, na maneno mengine yakapotelea humo.

Odoi alimgeukia Sajenti Ebong, aliyekuwa anarudisha funguo za mahabusu mfukoni.

"Nani alicheka?"

"Ah, hadithi zake hizo, afande. Alikula mzigo, sasa anatapika maneno."

Ebong alimweleza wakiwa wamesimama palepale. Kampuni ya Mwamba ilikuwa inawauzia wakulima wa pamba pampu za mgongoni, madebe ya dawa na majembe. Oboth alipakia mizigo ya Buteba, kila mmoja na lebo yake. Mmoja ulikuwa na lebo iliyosema TIPITO, BUTEBA. Mizigo yote ilifika kwa wenyewe ila huo. Oboth alidai kwamba aliuliza kisimani, mwanamke mmoja akacheka akamwonyesha nyumba, akaenda, mwanamke mwingine akaupokea.

"Tukampeleka hukohuko atuonyeshe," Ebong alisema. "Akatupeleka kwa Mzee Edeku. Unamjua, mzee wa kanisa. Nikauliza, hapa ni kwa Tipito? Mzee akasema hapana Tipito hapa, hapa ni kwa Edeku, na yeye mwenyewe anangoja mzigo wake kwa kampuni hiyohiyo, haujafika. Tukamwuliza mke wa mwanawe, yule Oboth alisema ndiye alipokea. Mama anaitwa Asio. Akasema huyu mtu hajawahi kumwona."

"Mlimwuliza Asio wapi?"

"Palepale uani. Mzee amekaa kwenye kiti chake. Tulifanya yote mbele yake, afande, kwa heshima."

"Mkapekua?"

"Ghala ya mtama tu. Mzee wa kanisa ameshasema, unapekua nini tena?"

Mkuu wa kituo naye alikuwa na lake. Alimwita Odoi ofisini, hakumkaribisha kiti.

"Oboth ni mtu wa kwenu, si ndiyo?"

"Ni Japadhola kama mimi, bwana mkubwa. Hatujawahi kula sahani moja."

"Vizuri. Hakimu wa Mbale anamsikiliza Jumatatu. Oboth ana watoto, najua, kila mwizi ana watoto. Mimi nasikia pampu kama zile zinauzwa Busia ng'ambo. Nenda ukaniletee moja tufunge kesi."

Basi Odoi akaenda Busia.

Upande wa Kenya wa Busia kulikuwa na mama wa Kisamia aitwaye Nasirumbi, muuza majembe, kamba na misumari. Pampu zilikuwepo kweli, zimening'inizwa mlangoni kama kuku. Odoi alishika moja akaigeuza.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Kwanza salamu, afande. Au Uganda mmeacha kusalimiana tangu mpate uhuru?"

"Habari ya biashara, mama."

"Nzuri. Sasa tazama chini ya tangi. Huo muhuri ni wa duka la Kisumu nililonunua. Mambo ya Tororo mimi siyajui."

Muhuri ulikuwepo. Odoi aliirudisha pampu mahali pake.

"Tipito unamjua?"

"Ndiye nani? Mchezaji mpira?"

"Dereva mmoja anasema alimpelekea mzigo. Mkuu wangu anasema jina hilo dereva amelitunga."

Nasirumbi alicheka mpaka mteja akageuka. "Mkuu wako hajawahi kudanganya, masikini. Mtu akitunga mtu, anamwita Wandera, anamwita Okello. Soko limejaa Wandera, utamtafuta mpaka uzeeke. Nani anayejificha chini ya jina ambalo halipo duniani? Hata mimi nikikwepa ushuru sifanyi hivyo. Mimi sikwepi ushuru, lakini."

Odoi aliyachukua maneno hayo pamoja na misumari ya robo kilo, kwa sababu hutoki kwa Nasirumbi mikono mitupu. Njiani alifikiri. Oboth hakuwa na haja ya kutunga jina. Lebo hakuandika yeye. Lebo zilichapwa na mashine, na mashine ilikuwa Tororo.

Kampuni ya Mwamba ilikuwa imeinunua mwaka uliotangulia, elfu moja mia tisa sitini na saba. Ilishushwa kutoka kwenye behewa na watu wakaja kuitazama kama wanavyotazama askofu. Ilijaza chumba kizima na kukaa kwenye ubaridi, wakati meneja mwenyewe alijipepea kwa gazeti. Aliyeitunza alikuwa kijana wa Kisamia kutoka ng'ambo, Okochi, aliyesomea kazi hiyo Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuiandikia mashine maagizo, nayo mashine ilisoma maagizo hayo kwenye kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu.

"Inspekta, mlango tafadhali. Baridi inatoka."

Odoi alifunga. "Namtafuta Tipito."

Okochi alitabasamu. "Umempata. Yumo humu ndani kila siku. Lakini huwezi kumfunga pingu."

"Kwa nini?"

"Si mtu. Sikiliza. Nikiiandikia mashine maagizo, naiambia, chukua jina la mkulima, lichape hapa. Jina gani? Bado silijui, majina yatakuja baadaye na kadi zao. Lakini nataka kuona kama maagizo yangu yanafanya kazi, na siwezi kujaribu kwa patupu. Basi naweka Tipito. Nikihitaji mtu wa pili, au kijiji, naweka Tapato. Ni maneno ya kushikilia nafasi tu."

"Ungeweka Okello."

"Kuna Okello wa kweli, Inspekta. Nikisahau kumtoa, mashine itampelekea majembe ambayo hakuomba. Nataka neno lisilo la mtu yeyote."

"Sasa mashine imempelekea Tipito pampu na dawa."

Tabasamu la Okochi likafutika. Alikaa juu ya sanduku la kadi.

"Nilisahau kadi ya majaribio ndani," alisema. "Basi ni mimi. Ni kosa langu."

Wapelelezi wengi wangefunga kesi hapo, na ingekuwa mbaya kwa Oboth. Maana kama Tipito si mtu, basi hakuna aliyepokea mzigo, na dereva anayesema ulipokewa ni mwongo. Odoi alifikiri juu ya vile vidole kwenye wavu.

"Nionyeshe kadi yako ya majaribio," alisema.

Okochi alimpa, akamsomea matundu kwa kidole. Jina Tipito. Kijiji Tapato. Mzigo, hakuna.

"Kila mara huwa hivi?"

"Kila mara. Siandiki kijiji cha kweli wala mzigo wa kweli. Ndiyo maana yake."

"Lebo ya Oboth ilisema Buteba. Na mzigo ulikuwa pampu na madebe. Kwa hiyo jina ni lako, lakini kadi si yako. Hiyo ni kadi ya mkulima, tena wa Buteba. Sasa niambie, Mzee Edeku aliagiza nini?"

Okochi aliinuka, akaenda kuuliza kwenye dirisha la maagizo, akarudi. Pampu na madebe, idadi ileile.

"Na hakupata," Odoi alisema. "Mmoja amepata ambaye hayupo, mwingine yupo ambaye hajapata. Hawa si wawili, bwana Okochi. Neno hili ulilitoa wapi?"

"Kwa akina dada wanaotoboa kadi. Nilipofika nililikuta linatembea. Kitu ambacho hakina jina wanakiita tipito. Nilidhani ni Kiteso."

"Wateso niliowauliza wanasema si Kiteso."

"Basi ni la nani?"

Odoi alishafungua mlango, baridi ikatoka tena.

Chumba cha kadi kilikuwa upande wa pili wa ukumbi. Wanawake walifanya kazi wawili wawili. Mmoja alisoma agizo kwa sauti, mwenzake akabonyeza mashine ya kutoboa. Walipomaliza, walirudia kadi zote kwa mashine ya pili ili kuona kama matundu yanalingana. Odoi alisimama ukumbini akasikiliza. Msomaji wa dirishani aliitwa Alupo, mwanamke mwenye sauti safi kama ya mtangazaji. Mbonyezaji wake alikuwa Kevina, mgeni kutoka Masaka, ambaye hakuweza kusoma mwandiko wa makarani wa huku, kwa hiyo Alupo ndiye aliyesoma mara zote mbili.

"Okurut, Buteba, majembe," Alupo alisoma. "Apendi, Lumino, madebe."

Odoi aliingia, akasalimia, akavuta kiti.

"Dada Alupo, wewe ni wa wapi?"

"Nyumbani ni Malaba, afande. Nimeolewa Buteba."

"Basi utanisaidia. Kuna mzee wa Buteba analalamika mzigo wake haukufika. Anaitwa nani yule?"

Mikono ya Alupo ilisimama juu ya karatasi. "Yule mzee wa kanisa?"

"Huyo. Jina lake?"

"Wewe unalijua, afande."

"Nakuuliza wewe."

Alitazama dirishani, kisha akamtazama mwenzake. "Kevina, mtajie."

"Edeku," Kevina alisema, akashangaa kuona watu wawili wanamtazama. "Nini? Si ndiye Edeku?"

Hapo Odoi aliona. Alijilaumu kuchelewa, maana mambo haya yalikuwa nyumbani kwake mwenyewe. Mke wake alikaa na baba yake Odoi miaka na miaka, akampikia, akamuuguza, na hata siku ya kumzika hakulitoa jina lake mdomoni. Alisema "mwenye nyumba" tu. Mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe. Kila mtu mpakani anajua hivyo, na kwa sababu kila mtu anajua, hakuna anayekumbuka kuuliza.

"Ni baba wa mume wako," alisema polepole.

Alupo aliinamisha kichwa.

"Na agizo lake lilipokuja mkononi mwako ulisome kwa sauti, ulisema nini?"

"Afande, huyu Kevina alikuwa mpya. Yule niliyekuwa naye zamani alijua. Nikisema Tipito, yeye anabonyeza jina la kweli. Nilizoea. Nilisahau kama mtu amebadilika."

"Nyabo, dada yangu, mimi nilisikia Tipito nikaandika Tipito," Kevina alisema, mkono kifuani. "Majina ya huku yote kwangu mageni. Okurut, Okiror, Tipito! Nitajua lipi la Mungu?"

Mwanamke mmoja nyuma alicheka, akajizuia.

"Neno lenyewe lina maana gani?" Odoi aliuliza.

"Halina. Mimi na Asio tumeolewa kwa ndugu wawili. Siku moja tunamenya karanga, tunataka kumsema mzee, hatuna njia. Asio akasema tutafute neno. Tukajaribu maneno, kila neno lina kitu ndani. Ukimwita mrefu, umetukana urefu wake. Ukimwita mzee, umemzeesha. Tukatengeneza ambalo halina kitu. Tipito. Ndugu yake tukampa Tapato. Neno lenye maana lingeweza kumkosea mtu, afande. Lile lilikuwa safi. Hata wanawake wa kisimani wakalizoea."

Odoi alikumbuka Okochi kwenye chumba chake cha baridi, akitafuta neno lisilo la mtu yeyote. Kumbe wote walitaka kitu kimoja.

"Ulijua Oboth amekamatwa?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Kwamba jina la kumsengenya mkwe limechapwa na mashine ya kampuni, kwa wino, likaletwa uani kwake? Kazi ningepoteza na ndoa ningepoteza." Alijifuta macho kwa kiganja. "Nilifikiri watamwachia tu. Mtu hana kosa, wataona hana kosa."

"Hawaoni hivyo, dada. Kuona kunataka mtu aseme. Chukua kitambaa chako, tunakwenda Buteba."

Mzee Edeku aliwapokea uani, amekaa kwenye kiti chake, mpini wa jembe kati ya magoti. Asio alikuwa anapeta mtama. Alipomwona Alupo akishuka kwenye landrova ya polisi, ungo ulimponyoka.

Sajenti Ebong, aliyekuja nao, alitaka kuuliza papo hapo. Odoi alimshika mkono. "Uliuliza hivyo mara ya kwanza," alimwambia. Kisha akamsalimia mzee kwa Kiteso, "Yoga noi, Mzee. Nionyeshe pamba yako."

Walikwenda wawili shambani. Pamba ilikuwa imeliwa. Vitumba vilikuwa na matundu, vingine vimeanguka chini vingali vibichi. Edeku alikichuma kimoja, akakipasua kwa kidole, akamwonyesha mdudu ndani.

"Dawa ingekuja wakati wake," alisema, "huyu asingekuwa hapa."

"Dawa yako ilikuja. Nadhani iko nyumbani kwa Asio."

Mzee aliinamia kitumba kingine.

"Wewe ulikuwa safarini?"

"Lumino. Msiba."

"Asio akapokea mzigo peke yake. Akasoma lebo. Akauficha ndani kwake ili wewe usilione lile neno, akamngoja Alupo aje aseme la kufanya. Kabla Alupo hajaja, tukaja sisi, tukamwuliza mbele yako kama hapa ni kwa Tipito. Kwa adabu yake angejibuje?"

"Hawezi kujibu," Edeku alisema.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Ulijibu upesi, Sajenti ananiambia. Hukuuliza Tipito ni nani. Kila mtu niliyemtajia jina hilo ameniuliza ni nani. Hata mama wa Busia aliniuliza kama ni mchezaji mpira. Wewe peke yako hukushangaa."

Edeku alimtupa yule mdudu, akajifuta kidole kwenye suruali.

"Kuta ni za udongo, Inspekta, na mimi si kiziwi. Nawasikia. Tipito amerudi, msipige kelele. Tipito leo amekasirika. Tipito anapenda kunde ziwe na simsim. Miaka mingi. Sasa ukiwa baba mkwe husikii mambo ya nyumba za wake wa watoto wako, na ukisikia hukusikia. Ningesema mbele ya polisi kwamba Tipito ni mimi, ningekuwa nimesema nasikiliza kwenye kuta. Wale wanawake wangefunga midomo. Ningekaa katika boma lililonyamaza mpaka nife."

"Ukamwacha Oboth akaenda Mbale."

"Mzigo sikujua uko pale. Haki ya Mungu. Nyumba ile siingii, wewe unajua siingii. Nilijiambia wanatafuta Tipito mwingine."

"Yuko mwingine?"

"Hapana," mzee alisema. "Nilijiambia tu."

"Mzee, huko nyuma kuna mke wa mwanao aliyekana kwa ajili ya heshima yako, na mwingine aliyenyamaza kwa ajili hiyohiyo, na wewe ukakana kwa ajili ya heshima yao. Nyote mna adabu. Oboth ndiye analala kwenye sakafu ya saruji. Mimi nahitaji mtu mmoja aseme kabla ya Jumatatu, na hakimu hatasadiki wanawake ukiwa wewe umesema hapana."

Edeku alitazama mistari ya pamba mpaka mwisho wake. Halafu akageuka akatangulia.

Uani alisimama mbali na mlango wa Asio, umbali unaotakiwa, akiwa amegeuza uso kando kama desturi. Wanawake wawili walikuwa wamepiga magoti karibu na ungo. Alisema kwa sauti ya kanisani.

"Toeni mzigo wa Tipito."

Hakuna aliyesogea. Asio alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mmesikia Inspekta anataka mzigo wa Tipito," mzee alisema tena, "na Tipito mwenyewe anautaka. Pamba inaliwa."

Alupo ndiye aliyeinuka kwanza. Walitoa pampu, kisha madebe, lebo zingali zimefungwa kwa waya. Ebong alizisoma moja moja, akavua kofia bila sababu.

Odoi aliandika maelezo juu ya boneti ya landrova. Alipofika mahali pa jina, akauliza kama sheria inavyotaka.

"Andika Edeku," mzee alisema. "Halafu andika na lile lingine. Yule dereva asije akaitwa mwongo tena."

Oboth aliachiliwa Jumatatu. Kampuni haikumrudishia lori, ilisema nafasi imejazwa. Alipata kazi ya kuendesha la Mhindi mmoja wa Malaba, na Buteba hakupita tena hata alipolazimika kuzunguka.

Mkuu wa kituo alihamishwa mwaka uliofuata kwa mambo mengine. Ebong alipanda cheo. Odoi alipelekwa Moroto, akastaafu huko.

Nasirumbi alikamatwa kwa ushuru.

Kevina alirudi Masaka baada ya msimu ule. Alupo hakuachishwa kazi wala ndoa. Walimpa kusoma maagizo ya kata nyingine, mpaka kampuni ilipofunga.

Dawa ilipigwa ikiwa imechelewa, na mavuno ya Edeku yalikuwa kidogo. Alikufa mvua za mwaka wa sabini. Inasemwa kwamba baada ya siku ile boma lake lilikaa kimya kwa muda, kisha likarudia hali yake. Kaburini Asio na Alupo walimlilia kwa jina la Tipito, na ndugu yake, ambaye hakuwahi kuambiwa, aliuliza ni nani huyo.

Okochi aliitwa Nairobi kwenye mashine kubwa zaidi, akaenda na maneno yake. Vijana aliowafundisha waliyatumia kila walipohitaji mtu ambaye bado hajulikani, la kwanza Tipito, la pili Tapato. Walipomwuliza yametoka wapi, aliwaambia hayana maana.